Fimbo ya Mbali: Kuchunga Stima ya Nyumba ya Mji wa Kale kwa Simu

Nyumba nyingi za Mombasa zina kijisanduku chenye vitufe vya namba, kimechomekwa kwenye soketi ya sebuleni au kimewekwa juu ya friji. Ndicho tunachobonyezea tokeni. Mita yenyewe haimo ndani. Iko juu ya nguzo au kwenye boksi la nje, na kijisanduku huongea nayo kupitia waya uleule unaoleta stima. Kwa hiyo ukiulizwa kama watu wetu wanajua kuendesha mita ya umeme kwa kifaa cha mkononi wakiwa mbali nayo, jibu wewe mwenyewe: mamako amefanya hivyo miaka mingi, tena huku chungu kiko jikoni.

Kijisanduku hicho kimetufunza mengi. Kichomeke kwenye laini isiyo yako, kitakuwa bubu. Betri zake zikifa na tokeni imekwisha, utahangaika gizani. Na mwaka 2024 kilitukumbusha kwamba vifaa hivi navyo huzeeka. Mita za tokeni duniani zilikuwa zikihesabu dakika tangu mwanzo wa 1993, na hesabu hiyo ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Wateja wa Kenya Power walipewa seti mbili za tarakimu 20 za kubonyeza kabla ya tokeni yenyewe. Aliyekuwa Dubai aliweza kununua na kutuma namba zote kwa simu, lakini wa kubonyeza alikuwa yule aliyebaki nyumbani.

Leo simu inafika mbali zaidi. Madukani kuna plagi, swichi na vipimo vinavyounganishwa na intaneti, na watu wananiuliza wanunue kipi. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, na ushauri wangu wote unatoka hapo: simu ni jicho zuri la mbali, lakini ni mkono dhaifu. Ipe mengi ya kuona na machache ya kushika.

Tuchukue nyumba moja ya mfano, tusije tukazungumza hewani. Iko Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale, hatua chache kutoka Ndia Kuu: duka chini, ghorofa mbili juu, tangi la maji juu ya paa, pampu chini ya ngazi. Mama mwenye miaka sabini anaishi humo na mjukuu wake. Mtoto mmoja wa mama huyo yuko hapahapa mjini, Tudor, mwingine Muscat. Wote wawili wanataka kujua kwa nini tokeni inakwisha upesi, na wote wanaiogopa siku watakapopigiwa simu kwamba nyumba inanuka waya unaoungua.

Anza na daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kifaa cha kwanza kununua basi kisiwe cha kuzima wala kuwasha. Kiwe kipimo chenye kibanio kinachokumbatia waya ndani ya kabati la swichi, upande wa nyumba, baada ya mita. Kibanio hakikati waya wala hakigusi shaba. Huhisi usumaku wa mkondo unaopita, na kipimo hutuma hesabu kwenye simu.

Kosa la mafundi wenye haraka ni kukibana kwenye waya wa moto na wa nyutro kwa pamoja. Mkondo unaokwenda na unaorudi hufutana, na simu itakuonyesha sifuri huku panka tatu zinazunguka. Kibanio hushika waya wa moto peke yake. Kazi hiyo ifanywe swichi kuu imezimwa, na ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati. Usione haya kumwambia akuonyeshe leseni. Kumbuka pia kwamba waya zinazoingia kwenye swichi kuu kutoka kwa mita hubaki na moto hata swichi ikizimwa. Mita yenyewe ni mali ya Kenya Power na imefungwa kwa lakiri. Anayekushauri uifungue ili kipimo kikae vizuri anakutafutia kesi.

Kikishafungwa, usiguse kitu kwa wiki moja. Tazama tu. Panka la dari huvuta wati 50 hadi 75, friji ya kawaida 100 hadi 150 injini yake inapofanya kazi, kiyoyozi kidogo karibu wati 1,000, na hita ya kuogea inayochemsha maji papo kwa papo hufika wati 5,000 au zaidi. Mwisho wa wiki utaijua nyumba kwa mapigo yake: alfajiri hita, mchana friji, jioni pasi na taa, usiku panka. Friji yenye afya huvuta kisha hupumzika. Ukiona inavuta saa zote bila kupumzika, angalia mpira wa mlango na nafasi ya hewa nyuma yake kabla ya kuilaumu Kenya Power.

Daftari hilo lina faida ya fedha pia. Tangu Aprili 2023, mteja wa nyumbani hupangwa katika ngazi ya bei: hadi uniti 30 kwa mwezi, kisha hadi 100, kisha zaidi ya 100. Kiyoyozi kikila uniti 3 kwa usiku, kwa mwezi zimekwenda 90, na mama aliyekuwa ngazi ya chini amepandishwa bila kujua. Mwenye grafu mkononi ataliona jambo hilo wiki ya kwanza. Asiye nayo atagombana na mjukuu kuhusu taa.

Usitazame wati peke yake, tazama na volti. Stima yetu ni ya volti 240. Zikishuka chini ya 200 kila jioni, injini za friji na pampu zinaumia, na una hoja yenye tarehe na saa ya kupeleka unapopiga 97771, namba ya Kenya Power. Ishara ya kuogopesha zaidi ni ile ya kupanda: volti zikirukia 270 au 280, taa zinang'aa kupita kiasi, huenda nyutro imeachia mahali. Hapo hakuna cha kusubiri. Mpigie aliye nyumbani azime swichi kuu, kisha toa ripoti.

Matumbawe na chumvi

Mji wa Kale una maadui wawili wa vifaa hivi. Wa kwanza ni ukuta. Nyumba zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene zinazozuia joto, na waifai nayo huzuiwa nazo. Kipimo kilicho ndani ya kabati la chuma, chini ya ngazi, hakitasikia ruta iliyo ghorofa ya pili. Vingi vya vifaa hivi hutumia masafa ya 2.4 GHz peke yake, ambayo hupenya ukuta vizuri kuliko 5 GHz. Iache basi ruta yako itoe masafa hayo. Iweke karibu na ngazi, kwa sababu uwazi wa ngazi ndio njia ya mawimbi kutoka ghorofa hadi ghorofa. Mahali ambapo hata hivyo hayafiki, nunua kifaa chenye laini yake ya simu kinachopokea amri na kutoa habari kwa ujumbe mfupi. Kwa nyumba ya mtu mzee ambaye hana haja na intaneti, hicho ndicho bora tangu mwanzo.

Usitoboe ukuta wa mbele wala mwimo wa mlango wa nakshi ili kupitisha waya. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi. Ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya iko hapohapo mjini, na kuuliza kabla ni rahisi kuliko kuziba tundu baadaye.

Adui wa pili ni chumvi. Upepo wa bahari hula skrubu na ncha za shaba. Muungano ukilegea hupata moto, na moto huo hauonekani kwenye grafu, kwa sababu waya unaoungua pole pole unaweza kuvuta ampea zilezile za jana. Simu haina pua. Mara mbili kwa mwaka, kusi likiisha na kaskazi likiisha, mwite fundi akaze skrubu za kabati, na umfunze mjukuu kugusa plagi kwa nje baada ya saa moja ya kazi. Plagi iliyo vuguvugu si neno, lakini isiyoshikika iondolewe siku hiyohiyo.

Mkono ushike nini

Baada ya wiki ya kutazama, ndipo uwaze kuzima na kuwasha. Kila kifaa kiulizie maswali mawili. Kikijiwasha chenyewe saa nane za usiku, chumbani hamna mtu, kitamdhuru nani? Na kikizimika kwa bahati mbaya, nani ataumia?

Swali la kwanza linaondoa pasi, jiko la umeme na hita ya papo kwa papo. Hivyo visiendeshwe kwa simu hata siku moja. Swali la pili linaondoa mashine ya kupumulia ya mgonjwa, na friji yenye insulini ndani yake. Hivyo vichunguzwe kwa simu lakini visizimwe nayo. Vinavyobaki ni taa za ngazini, panka, kiyoyozi, hita ya tangi yenye kidhibiti joto chake, na pampu.

Usidanganywe na ukubwa wa namba kwenye pakiti. Plagi yetu ya miguu mitatu ni ya ampea 13, na 13 mara 240 ni wati 3,120. Plagi ya simu iliyoandikwa ampea 16 haiwezi kuzidi soketi ilimochomekwa. Tena namba hiyo ni ya mzigo mtulivu kama taa au hita. Injini ya pampu au kiyoyozi, inapoanza, huvuta mara kadhaa ya mkondo wake wa kawaida, na vibati vidogo ndani ya plagi hugandana. Hapo utabonyeza kuzima, simu itakuambia imezimwa, na pampu itaendelea kuunguruma. Dawa ni kontakta ndani ya kabati: swichi ndogo ya simu inaiamrisha kontakta, na kontakta ndiyo inayobeba mzigo. Na ukiwa na kibanio kwenye laini hiyo, jicho litakuambia kama mkono umetii.

Pampu inastahili maneno ya ziada, kwa sababu kwetu kisiwani ndiyo roho ya nyumba. Maji ya mfereji huja kwa zamu, mara nyingi usiku, na ukikosa saa yake umekosa. Watu hutega pampu iwake saa tisa za usiku na kulala. Maji yasipokuja, pampu huzunguka kavu mpaka iungue. Kipimo kinaweza kuizuia hasara hiyo, maana pampu ya aina ya kawaida ya nyumbani ikikosa maji huvuta wati chache kuliko ikiwa nayo. Pima yako mwenyewe. Tuseme ni 500 ikiwa na maji na 300 ikiwa kavu. Amuru basi kwamba ikishuka chini ya 400 kwa dakika moja, izimwe na simu ipate habari. Ikipanda hadi 800, kuna kitu kimekwama. Lakini usiache kufunga floti ya kawaida kwenye tangi la juu na la chini. Floti haijui intaneti, haihitaji nywila, na hufanya kazi hata ruta ikiwa imekufa.

Na yule wa Muscat aangalie saa. Muscat iko mbele ya Mombasa kwa saa moja. Programu iliyosajiliwa huko inaweza kuhesabu saa za huko, na pampu ikawaka saa nzima kabla ya maji. Weka majira ya Nairobi kwenye kifaa, kisha jaribu mchana mama akiwa macho.

Stima ikipotea

Usiku wa Ijumaa ya 25 Agosti 2023 giza liliingia karibu nchi nzima, na likarudi tena Novemba na Desemba mwaka huohuo. Kwenye simu iliyo Muscat, usiku kama huo hauonekani kama stima iliyopotea. Unaonekana kama kifaa kilichonyamaza, kwa sababu ruta nayo imezimika. Kunyamaza kunaweza kuwa giza la nchi nzima, bando lililokwisha, tokeni iliyokwisha, au moto. Jicho lisiloweza kutofautisha haya manne linamtia mtu wasiwasi bure. Nunua betri ndogo ya ruta, ile ya volti 12, ili ruta ibaki hai: kipimo kikinyamaza huku ruta iko hewani, utajua kwamba stima haipo. Au tumia kile kifaa cha laini ya simu chenye betri ndani, kinachotuma ujumbe mara stima inapokatika na inaporudi.

Jambo jingine ni njia inayopitwa na amri yako. Nyaya za intaneti za chini ya bahari zilianza kutua Mombasa mwaka 2009, na bado vifaa vingi vya bei rahisi hupeleka kila amri hadi seva ya nchi ya mbali kabla ya kurudi Kibokoni. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika na mtandao ukazorota kote Afrika Mashariki. Siku kama hiyo, mtu anaweza kushindwa kuzima panka lililo juu ya kichwa chake. Unaponunua, mwulize muuzaji: kifaa hiki kikikosa intaneti, kinaendeshwa kwa waifai ya nyumbani? Kina kitufe cha kubonyeza kwa kidole? Akisita, rudisha mezani.

Muhimu zaidi ni kurudi kwa stima. Swichi nyingi za simu zina chaguo la kufanya stima inaporejea: ziwake, zizimike, au zirudi zilivyokuwa. Wengi hawalifungui kamwe. Weka hita, kiyoyozi na pampu zirudi zikiwa zimezimwa. Friji iwashwe lakini ichelewe, dakika tatu hadi tano, ili gesi itulie ndani ya injini. Kinga ya friji ya kawaida, ile inayosubiri kabla ya kuwasha, huifanya kazi hiyo bila simu.

Nahodha mmoja

Sasa nakuja kwenye hatari kubwa kuliko zote. Fundi yuko juu ya ngazi, ameshika waya wa panka. Mama amezima swichi ya ukutani. Mtoto wa Muscat anaona kwenye simu kwamba chumba hakina stima, anadhani ni hitilafu, anabonyeza.

Swichi ya simu haikati waya kwa usalama wa mtu. Imezima kwa amri, na amri nyingine yaweza kuiwasha kutoka popote. Anayegusa waya lazima azime brekara ndani ya kabati au swichi kuu, alifunge kabati kwa kufuli, atie ufunguo mfukoni na apime kwa tesa kabla ya kugusa. Kabla ya hapo, apigiwe kila mwenye programu hiyo. Na kabatini iwepo swichi inayokata umeme unaovuja, ya miliampea 30, maana hiyo ndiyo inayookoa mtu. Wala usijaribu kuirudisha kutoka mbali: ikiruka, kuna sababu, na sababu hiyo huenda ni mtu aliyeanguka chini.

Manahodha wengi chombo huenda mrama. Ndugu wawili wasiwe na mamlaka sawa ya kuzima na kuwasha. Wote waone, mmoja tu, aliye karibu, aamrishe. Kwa nyumba yetu, huyo ni wa Tudor. Stima ilipokuja kisiwani mwaka 1908 ilitoka kwenye mashine ambayo Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, aliinunua mwaka 1875 kuangazia kasri lake Unguja, na iliyoletwa hapa na mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee. Tangu siku hizo hadi leo umeme haujabadilika kwa hili: anayeuamrisha sharti awe mahali anapoweza kuufikia kwa miguu.

Sitara

Macho hayana pazia, nayo nyumba ya Mswahili imejengwa kwa sitara: daka mbele, ndani kwa wenyewe, dirisha linaloruhusu upepo na kumnyima mpita njia macho. Grafu ya stima huivunja sitara hiyo. Humwonyesha mtu saa wanayoamka kula daku, usiku ambao nyumba ni tupu, siku mgeni alipolala. Mwambie mama kwamba kipimo kipo na kinaonyesha nini. Kama una wapangaji waliofungiwa mita ndogo, waambie kwa maandishi, soma uniti za kudai tu, na kumbuka kwamba Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Badilisha nywila ya kiwandani siku ya kwanza. Vifaa vya ujumbe mfupi huja na 1234 au 0000, na ajuaye namba ya laini hiyo anaweza kuizima pampu yako. Ruhusu amri kutoka namba ya yule nahodha mmoja tu. Ukibadilisha simu, futa akaunti kwenye ile ya zamani kabla ya kuiuza.

Mwisho kuna mtihani mmoja, nao haugharimu kitu. Chagua Jumamosi, mwambie mama mapema. Zima simu yako kabisa na uitie kwenye droo. Aliye Muscat naye afanye vivyo hivyo. Acha nyumba iishi siku nzima: mama awashe panka kwa swichi ya ukutani, mjukuu ajaze tangi, friji ifanye kazi yake, na aliyekwama asome karatasi uliyoibandika ndani ya mlango wa kabati, inayoonyesha kila brekara ni ya nini. Jioni nenda Kibokoni kwa miguu yako ukaulize kilichoshindikana. Kila kilichowashinda siku hiyo ni kitu ulichokitoa mkononi mwa aliye nyumbani na kukitia ndani ya simu yako. Kirudishe.